Fimbo Zilizokaa Nyuma ya Mlango

Nyinyi mnaopita hapa kwangu Kiuu Jumamosi asubuhi na mabegi mgongoni, mkisema "sasa cucu" kama wajukuu kwa nyanya yao na kuondoka kabla sijajibu, leo ngojeni kidogo. Nimechoka kuwatazama. Si kwamba mmenikosea adabu, la. Ni hizo fimbo zenu. Mmoja amezirefusha mpaka viwiko vimepanda juu kama anasukuma mkokoteni. Mwingine amezifupisha mpaka anatembea ameinama, utadhani ameangusha shilingi. Na yule msichana wa kofia nyekundu anazigonga kwenye lami tik tik tik kutoka stendi mpaka hapa, ncha zinaisha kabla hajaona hata kichuguu. Pesa ya kununua mnayo, mtu wa kuwaambia ndiye hamna. Haya, nitawaambia mimi, halafu mwende zenu. Nitaongea nikiwa nimeketi, maana kusimama siku hizi kunanichosha kuliko kazi.

Mimi ni Zaituni. Karibu miaka yote ya tisini nilikuwa na kibanda sokoni Thika, nikiuza mitumba ya mlimani: majaketi mazito, mifuko ya kulalia, viatu vya soli nene, na fimbo. Wateja waliniita Mama Fimbo, na hata watu waliojua jina langu wakalisahau. Nilizaliwa Majengo, baba Mnyamwezi aliyeletwa na kazi ya reli, mama Mkikuyu wa Gatundu, kwa hivyo Kiswahili changu kina kila kitu ndani. Msinisahihishe.

Hakuna aliyeziagiza zile fimbo. Zilikuja zimefichama kwenye mabelo ya majaketi kutoka nchi za baridi. Unakata kamba, unatoa nguo, na chini kabisa unakuta vyuma. Mwanzoni niliviona mzigo tu. Niliuza fimbo za kutundikia mapazia. Niliuza za kuinulia eria ya televisheni juu ya bati, na watu wakaniambia picha imekuwa safi. Mchoma nyama mmoja alinunua ya kugeuzia mbuzi, mshikio wa plastiki ukamyeyukia mkononi, akarudi kunitukana mbele ya wateja. Mwalimu wa kwaya alichukua moja ya kuongozea waimbaji, na nasikia wimbo ukipanda alikuwa akiivuta pingili moja zaidi. Huyo hakurudi kulalamika. Nadhani ndiye mteja aliyeridhika kuliko wote.

Halafu nikaanza kuona wapagazi wa Mlima Kenya wanazitafuta. Hapo ndipo nilipogundua sijui ninachouza. Nusu ya zile fimbo hazikuwa za kutembelea mlima hata kidogo, zilikuwa za wazungu wa kuteleza kwenye theluji. Zile ni chuma kimoja, hazirefuki wala hazifupiki, na chini zina kisahani kipana ambacho kwenye majani yetu kinanasa kila kitu. Za kutembelea zina pingili tatu zinazoingiana, na kisahani chake ni kidogo, kama kifuniko cha chupa ya soda. Leo mtu akiwauzia ile ya theluji kwa bei ya hii, mwambieni Mama Fimbo amewatuma mkatae.

Aliyenifundisha ni Mzee Gitau, fundi wa baiskeli wa kibanda cha jirani. Mtu mkavu, maneno machache, kidole gumba cheusi siku zote. Nilimpelekea fimbo moja iliyokataa kukaza, akaigeuza geuza, akaivuta ikatoka pingili zote tatu, akazipanga kwenye gunia.

"Mama," akasema, "kitu chochote kikizunguka, ndani kuna kingine kinachokataa kuzunguka. Tafuta hicho."

Ndani ya pingili kulikuwa na kiplastiki kidogo chenye skrubu. Ukizungusha fimbo, skrubu inakipanua kile kiplastiki, kinabana ukuta wa chuma, na hapo fimbo inashika. Ndiyo siri yote. Kikilika au kikiingia vumbi, hakibani tena, na fimbo inakuwa ya kupendeza tu. Kwa hivyo kabla hujanunua, ivute itoke yote. Muuzaji akikataa, ondoka. Kiangalie hicho kiplastiki kama kimelika, kisha rudisha, kaza kwa mkono tu, simamisha fimbo sakafuni, uilalie kwa uzito wako wote. Usione haya. Afadhali ikushinde dukani kuliko ikushinde juu ya mwamba.

Sasa, Mzee Gitau alinifundisha mengi, lakini alikuwa fundi wa baiskeli, na fundi wa baiskeli akiona chuma anashika kopo la oili. Mimi sikujua, na yeye hakuuliza. Fimbo zote za kibandani akazitia oili ndani, moja moja, kwa upendo. Zikawa laini, zinazunguka bila kelele. Nikafurahi. Nikaziuza zote kwa kikundi cha wanafunzi wa kule Kahawa Wendani waliokuwa wanaenda kupanda Kilimambogo.

Jumatatu asubuhi kiongozi wao, msichana mmoja mrefu aitwaye Atieno, akaja na fimbo zote kwapani.

"Mama," akasema, "hizi fimbo zako zinasujudu."

"Zinafanya nini?"

"Zinasujudu! Tulipanda fiti. Kushuka, kila mtu akiegemea, fimbo inaenda chini pole pole kama lifti. Askari wa wanyama aliyetusindikiza amecheka mpaka bunduki ikamponyoka begani."

Nikamgeukia Mzee Gitau. Alikuwa amelishika kopo lake la oili, akalitazama, akaliweka chini nyuma ya mguu wake.

"Ngai," akasema. "Ni mimi."

Siku nzima ile aliziosha kwa sabuni ya kipande, akazianika juani pingili zikiwa zimeachana, halafu akavikwaruza vile viplastiki kwa msasa mwembamba. Atieno naye akavua viatu akakaa kumsaidia kukausha. Tangu siku hiyo sikuona tone la oili kwenye fimbo. Nawaona nyinyi mnazipulizia dawa za pikipiki zing'ae. Acheni. Kitambaa kikavu kinatosha. Ukinyeshewa, usizilaze zikiwa zimefungwa. Zitenganishe, zikauke, ndipo uzirudishe.

Mnapenda sana kuuliza gramu. "Cucu, nyepesi ni gramu ngapi?" Sisi sokoni mizani ilikuwa ya viazi. Nilichofanya ni hiki: nilimpa mteja fimbo, nikamwambia afumbe macho, ashike mshikio, aipeperushe mbele na nyuma kama anatembea. Uzito ukiwa mkononi, haukusumbui. Uzito ukiwa chini kwenye ncha, kila hatua unaunyanyua, na kufikia mchana bega linakulilia. Fimbo mbili zinaweza kulingana kwa mizani na zisilingane kabisa mkononi. Na nyepesi sana pia msiiamini haraka. Ilaze mezani, iviringishe. Ikidundadunda, imepinda, na chuma chembamba kikishapinda hata ukikinyoosha kitapinda tena palepale. Mshikio wa koki, ile kitu ya kuzibia chupa, ni mzuri kwa mkono unaotoka jasho. Mpira ni wa baridi. Plastiki ngumu waachieni wachoma nyama.

Urefu nao: simama wima, ncha ardhini, kiwiko kipinde sawasawa kama unabeba sinia. Ukipanda, fupisha kidogo. Ukishuka, refusha, kwa sababu ardhi imekukimbia. Mkono unaingia kwenye ule mkanda wa mshikio kutoka chini kwenda juu, halafu ndipo unashika, ili uzito ulale kwenye mkanda na vidole vipumzike. Na kila pingili ina alama ya mwisho. Ukiivuta kupita hapo umejiwekea mtego mwenyewe.

Haya yote niliyajua. Niliwafunza wapagazi, wanafunzi, watu wa kanisa, mpaka daktari mmoja wa macho. Na ndani ya nyumba yangu kulikuwa na mwanamume mmoja ambaye hakutaka kusikia hata neno moja.

Kinyozi hajinyoi. Mume wangu, Kariuki, alikuwa mpagazi wa Mlima Kenya tangu ujana wake. Alibeba mahema, masufuria, mitungi ya gesi, alipanda akiimba. Kupanda hakumuui mpagazi, niwaambie. Kushuka ndiko kunakomuua. Unashuka na mzigo, kila hatua goti linapokea mwili wako na mzigo wa mtu mwingine, siku nzima, msimu baada ya msimu. Akaanza kurudi nyumbani akishuka ngazi ya mlango wetu kinyumenyume. Nikamuuliza, akasema anatazama kama mlango umefungwa.

Halafu akaacha kwenda msikitini. Kariuki alisilimu ili anioe, akawa Hassan kwa sheikh na Kariuki kwa watu wengine wote, na sala alikuwa haikosi. Siku moja nikarudi mapema kutoka sokoni nikamkuta anaswali peke yake chumbani, ameketi juu ya kigoda. Goti lilikuwa halikunjiki tena. Kwenda mbele ya wanaume wenzake akaswali ameketi kama mzee wa miaka themanini, hilo aliliona aibu. Nilitoka nje polepole nikakaa jikoni, nikalia. Nilikuwa na fimbo thelathini kibandani na mume wangu anaswali kwenye kigoda!

Nikamletea fimbo usiku uleule. Akazitazama, akasema, "Hapana."

"Hapana nini? Wapagazi wenzako wanazinunua kwangu."

"Wanunue."

"Kariuki, ni kwa nini?"

Mume wangu alikuwa mtu wa kutafuna neno kabla hajalitoa. Akaniambia jambo ambalo tangu tuoane hakuwahi kulitaja.

Kwao ni Mugutha. Kwao, mwanamume hajichukulii fimbo. Fimbo ya mzee, muthigi, unapewa. Umefikisha umri, mtoto wako amekua, unatoa mbuzi, wazee wanakaa, na baba yako au wa rika lake anakukabidhi mkononi. Kuanzia siku hiyo ukisimama nayo watu wanajua wewe ni nani. Mwanamume wa rika lake akionekana na fimbo ambayo hakupewa, watu wanacheka, au wanafanya vibaya zaidi, wananyamaza. Na Kariuki aliposilimu, baba yake, Mzee Waweru, alimwambia mbele ya ndugu zake: usirudi hapa, na katika boma hili hutashika muthigi mpaka nife.

"Lakini hizi ni za mlima," nikasema. "Zina skrubu, haki ya Mungu!"

"Wapagazi nusu ni wa kwetu," akasema. "Nikionekana nimeshika fimbo, kabla ya Jumapili Baba amesikia. Atasema nimejipa kile alichoninyima."

Nilimwita mjinga. Nilisema mengi usiku ule, mengine sitayarudia mbele ya watoto. Hakunijibu. Hilo ndilo lilinichosha zaidi, kwa sababu nilijua si kiburi. Mtu mwenye kiburi angepiga kelele. Huyu alikuwa bado anamtii baba aliyemfukuza.

Nikafanya ninalolijua. Nilichagua. Karibu msimu mzima nilikuwa nikifungua belo na kutafuta jozi moja tu. Jozi si kitu rahisi kwenye mitumba, zinakuja yatima. Nilitaka mbili za mama mmoja, chuma chepesi, uzito juu, mshikio wa koki uliokwisha kuzoea mkono wa mtu. Nilizipata kwenye belo la nguo za watoto, wallahi, zimeviringishwa ndani ya blanketi. Mzee Gitau akazipima, akazilalia, akabadilisha kiplastiki kimoja kwa kukichukua kwenye fimbo nyingine nzuri ambayo ningeiuza ghali. Nikapaka alama kwa rangi ya kucha: mstari mwekundu urefu wa kupanda, mstari wa waridi urefu wa kushuka, kwa kipimo cha kiwiko chake nilichokichukua akiwa amelala.

Nikazisimamisha nyuma ya mlango bila kusema kitu. Kariuki akarudi, akaziona, akatundika koti lake juu yake. Zikakaa hapo. Kila siku koti linatoka, koti linarudi.

Siku iliyovunja mambo, alirudi kutoka mlimani mapema, na mgongo wake ulikuwa mtupu. Goti lilikuwa limemgomea kwenye mteremko wa mawe, na kijana mwenzake akamshushia mzigo. Nyinyi hamtaelewa. Mpagazi anaweza kuugua, anaweza kuchelewa, lakini akibebewa mzigo mbele ya wageni, amekwisha. Kiongozi wao alimwambia kwa heshima: mzee wangu, kuna safari wiki ijayo, njoo ukiwa unaweza kushuka mwenyewe, ama usije tena.

Tusingelala njaa. Kibanda kilikuwa kinatulisha. Lakini yule mwanamume alitoka kwa baba yake bila chochote isipokuwa miguu, na miguu ndiyo ilikuwa heshima yake yote. Alikaa kitandani akiutazama ukuta. Nilimwona anazeeka nikiwa nimesimama pale na sahani ya chakula mkononi.

Asubuhi nikatoa lile koti, nikachukua fimbo, nikazifunga kwenye leso, nikaenda Mugutha.

Nilikuwa nimemwona baba mkwe wangu mara moja tu maishani, siku aliyonifukuza. Nilimkuta kwenye mteremko wa kahawa yake, gamboti miguuni, fimbo yake ya mti mkononi. Kahawa ilikuwa imeachwa ikawa msitu, bei ilikuwa mbaya wakati ule na watu wengi walichoka nayo. Aliponiona nikija peke yangu nimefunga kichwa, na mzigo mrefu kwenye leso, uso wake ulibadilika. Hakunisalimia.

"Amekufa?" akauliza.

"Hapana, Baba. Yuko mzima."

Mzee akaketi chini, palepale kwenye majani, kama mtu aliyekatwa kamba. Akakaa akipumua. Mimi sikujua niketi au nisimame, nikabaki nimesimama.

"Basi unataka nini?" akasema baadaye, na sauti imerudi kuwa kali.

Nikafungua leso, nikamwekea fimbo mapajani. Nikamwambia, "Baba, nimekuja na swali moja, halafu naenda. Hii ni muthigi?"

Akaichukua moja. Akaigonga kwa ukucha. Akaizungusha, ikafunguka, ikaingia ndani ya tumbo lake ikawa fupi, akashtuka: "Aai!" Akaivuta tena. Akaifupisha tena. Nikaona anajizuia asicheke, na hakuweza.

"Hii ni mwavuli uliokosa kitambaa," akasema. "Muthigi ni mti mmoja. Hauingii ndani yake wenyewe kama kobe. Na hizi ni mbili! Nani ameona mzee na muthigi mbili? Anaenda kupigana na nani?"

"Kwa hivyo si muthigi."

"Nani mjinga amesema ni muthigi?"

"Mtoto wako."

Kicheko kikaisha. Akakitazama kile chuma muda mrefu, kidole chake kikipita juu ya ile mistari yangu ya rangi ya kucha.

"Ni za nini?"

"Za kazi, Baba. Kule mlimani." Habari ya goti niliinyamazia. Haikuwa yangu kuisema.

"Mwambie nimesema ashike," akasema, akinirudishia.

"Nimwambie ni wewe umesema?"

"Kwani nimesema kwa mdomo wa nani?"

Niliondoka nikikimbia nusu ya njia, mama mzima, na leso kichwani imefunguka.

Niwaambie mapema ili msikae mkingoja muujiza: goti halikupona. Fimbo haiponyi goti. Mkiona tangazo linasema hivyo, mnadanganywa. Fimbo inalibebea goti sehemu ya kazi, mikono inaingia kusaidia, basi. Kariuki alipata misimu michache zaidi mlimani, akishuka mwenyewe, mzigo wake mgongoni mwake, kisha akaacha kwa kutaka kwake. Msikitini alirudi, akaswali kwenye kiti, na hakuna aliyemcheka. Amelala Thika sasa, Mungu amrehemu, na mimi nimehamia hapa kwa binti yangu. Ndiyo maana nawapigia kelele. Mnavyoshuka mbio na magoti mapya, mkicheka, nawaona kila mmoja wenu kwenye kigoda.

Lakini siku ile nilipofika nyumbani, alikuwa bado kitandani. Nikamwambia yote, bila kuongeza wala kupunguza.

"Alisema nishike?" akauliza.

"Alisema ushike."

"Kingine aliuliza nini?"

"Jambo la kwanza kabisa aliuliza kama umekufa."

Kariuki akainama, akavaa viatu. Nilidhani anaenda kumtafuta kiongozi wa wapagazi ampe jibu la safari. Akachukua fimbo, akaingiza mikono kwenye mikanda kutoka chini kwenda juu, vizuri kabisa. Kumbe miaka yote nikifundisha watu kibandani alikuwa anasikiliza!

"Twende," akasema.

"Wapi?"

"Utanionyesha umemkuta shamba gani."

Tulifika Mugutha jua linaelekea upande wa pili. Kutoka barabarani hadi kwenye ile kahawa ni mteremko mtupu, udongo mwekundu, mawe. Mzee Waweru alikuwa chini, akatuona, akasimama. Hakuita. Nikamwambia Kariuki asimame, nikamrefushia fimbo hadi mstari wa waridi, nikazikaza. Halafu nikabaki nyuma, kwa sababu pale sikuwa na kazi tena.

Akashuka. Fimbo mbili mbele, mguu, mguu. Fimbo mbili, mguu, mguu. Kile kigoti kilikuwa kinatoka upande kila akikikanyagia, kutoka nyuma nilikiona wazi. Baba yake hakumtazama usoni hata mara moja. Macho yake yalikuwa kwenye huo mguu tangu juu hadi chini, na Kariuki alipofika, wakasimama karibu, wote wawili na fimbo zao, hakuna anayenyoosha mkono. Nilikuwa nimewakaribia, nikasikia kila kitu.

"Mguu huu uliharibika lini?" mzee akauliza.

"Zamani, Baba."

"Na mimi sikuambiwa."

"Ulisema nisirudi hapa."

Mzee akaichomeka fimbo yake kwenye udongo.

"Nilisema," akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyapangusa. "Tangu nikuzae hujawahi kunisikia hata siku moja, Kariuki. Ni kwa nini uanze na hilo?"